Kiraka Chini ya Rangi ya Kijani

Kazi yangu ni kuandaa kuta kabla hazijapakwa rangi. Watu humwona fundi wa rangi akija na rola yake wakadhani ukuta ulizaliwa laini. Mimi hufika siku tatu au nne kabla yake. Nakwangua rangi iliyovimba, naosha moshi na mafuta ya vichwa vya watu walioegemea, naziba nyufa na matundu kwa filla, ule unga mweupe unaokorogwa kwa maji, kisha napiga msasa mpaka kiganja changu kipite juu ya ukuta bila kukwama popote. Nikiondoka ninakuwa mweupe kuanzia nywele hadi viatu, na sifa anapata anayenifuata. Sijawahi kulalamika. Kazi hii ndiyo iliyowasomesha wadogo zangu wawili.

Ukuta mmoja tu ndio nilioukwepa, nao ulikuwa wa kwetu, hapa mtaani Pioneer, katika chumba cha wazazi wangu.

Baba alifariki kwanza, Mama akamfuata baada ya miaka miwili. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka tisa na kitinda mimba alikuwa na minne. Hakuna aliyeniambia niache shule. Nilirudi kutoka mazishini, nikaona sare yangu imening'inia kwenye kamba na wale wawili wameketi kwenye ngazi ya mlango wakiningoja nifungue, nikajua. Mimi ndiye wa kwanza. Hilo neno lilinitosha kwa miaka ishirini. Kila nilipochoka nililisema kimoyomoyo na nikasimama tena.

Chumba cha wazazi tulikifanya stoo. Ukutani, pale kitanda chao kilipokuwa, kwa kimo cha goti, palikuwa na alama ya rangi ya chai, upana wake kama kifuniko cha sufuria. Nilipoanza kazi hii nilipaka rangi ya maziwa juu yake. Baada ya miezi mitatu ikarudi, kwanza hafifu kama pumzi kwenye kioo, kisha kamili. Nikapaka tena. Ikarudi tena, mahali pale pale, ukubwa ule ule. Nikafunga mlango nikaenda kuandaa kuta za watu wengine.

Januari hii sikuweza tena kuahirisha. Kitinda mimba wetu, ambaye sasa ana duka dogo la vitabu na kalamu karibu na chuo kule Kesses, alikuwa amebakisha wiki mbili ajifungue. Mumewe anafanya kazi mbali, huko kaskazini, na huja nyumbani mara chache. Mama mkwe wake, huko Chepsaita, alikuwa amemtayarishia chumba chenye jua na ng'ombe anayekamwa. Mama huyo ni mwanamke mwema, na wema wake ndio ulionikosesha raha. Mimi ndiye niliyemlea mdogo wangu. Nilitaka mtoto wake alale kwetu kwanza, nimwogeshe mimi, nimpikie mama yake uji mimi. Tulikubaliana kwamba nikimaliza chumba kufikia Jumamosi, kiwe kikavu na kisafi, atakuja kwangu. Nisipomaliza, ataenda Chepsaita.

Nilimpigia simu Jumatatu.

"Mama Mtoto, uko aje?"

"Niko kama tangi la maji, Dada. Viatu vyangu sivioni, navaa kwa imani."

"Jumamosi nitakuwa tayari."

"Na ile alama?"

"Nitaitoa."

"Umesema hivyo mara mbili."

"Hizo mara mbili nilipaka juu tu. Safari hii natoa kila kitu mpaka kwa jiwe."

"Fundi mzima kushindwa na doa," akasema, akacheka. "Dada, ukipata kitu kwa hiyo ukuta, uniambie. Usinifanye vile ulinifanya."

Sikumuuliza anamaanisha nini. Mama alipofariki, nilimwambia huyu mtoto wa miaka minne kwamba Mama ameenda shambani kwa nyanya na atarudi na miwa. Nilisema hivyo kwa wiki tatu. Kila jioni aliosha miguu, akakaa kwenye ngazi akingoja miwa. Aliyemwambia ukweli ni mtoto wa jirani, wakicheza, na alipokuja kuniuliza nilikuwa nikifua na sikuinua kichwa. Hajawahi kunilaumu kwa sauti. Lakini tangu siku hiyo, nikimwambia jambo lolote, huniangalia usoni kidogo kabla ya kuamini.

"Nitakuambia," nikasema.

Jumanne nilitoa vitu vyote, nikafungua dirisha, nikawasha redio yangu. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na sheria moja: kabla ya kugusa ukuta na skrepa, kile chuma bapa cha kukwangulia, ugonge wote kwa mpini, kutoka kona hadi kona, sikio likiwa karibu. Plasta iliyoshika hujibu kwa sauti kavu, fupi. Plasta iliyoachana na jiwe hujibu kama debe tupu. Ukishajua sauti hizo mbili huhitaji kingine.

Niligonga kutoka mlangoni. Kavu, kavu, debe dogo karibu na swichi, kavu. Nilipofika kwenye alama nikagonga, na sauti haikuwa kavu wala ya debe. Iliingia tu. Nikagonga tena kwa nguvu zaidi na ilikuwa kama kugonga kifua cha mtu aliyelala. Nilijikuta nimezima redio, na sikumbuki nilifikiria nini kabla ya kuizima.

Niliweka kiganja. Januari hapa ni kavu, vumbi linaingia hata kwenye chumvi, na ukuta wote ulikuwa na joto la mchana. Pale palikuwa baridi, na mkono wangu ulitoka na unyevu.

Nilianza kukwangua mbali na hapo. Nasema ukweli, nilimaliza kuta tatu kwanza. Rangi yangu ya maziwa ilitoka kwa maganda makubwa. Chini yake ilikuwa ya samawati, ile Baba aliyopaka mwaka kitinda mimba alipozaliwa. Chini ya samawati ilikuwa ya kijani, rangi ya mafuta, ngumu, iliyopakwa kwa brashi pana bila subira, na chini ya kijani ni plasta ya saruji. Ukuta ni kama kitabu kwa mtu wa kazi yangu. Nilikuwa naisoma nyumba yetu kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Jumatano alasiri nikawa sina ukuta mwingine uliobaki. Niliweka gunia sakafuni, nikapiga magoti mbele ya alama, nikaingiza skrepa.

Rangi ya kijani ilitoka hapo bila kukwama, kama ngozi ya viazi vilivyochemshwa. Nyuma yake palikuwa na tabaka jembamba la chokaa, limepakwa ovyo, nalo likavunjika vipande vidogo likaanguka. Kisha harufu ikaja. Ilikuwa harufu ya matone ya kwanza ya mvua kwenye vumbi, ndani ya chumba, na nje jua likiwa kali. Chini ya chokaa hapakuwa na saruji wala jiwe. Palikuwa na udongo.

Niliujua udongo ule kabla ya kuugusa. Kwetu magharibi, kwa nyanya, wanawake husiriba nyumba kwa udongo, majivu na samadi ya ng'ombe, na Mama alinifundisha likizo za Desemba. Unachota, unatandaza kwa kiganja, na vidole vinaacha mistari ya nusu duara kama upinde. Kila mwanamke ana upinde wake. Wa Mama uliishia na mkato, kwa sababu kidole chake kidogo cha kulia hakikunyooka. Na hapo, kwenye ukuta wa nyumba ya mawe ya mjini, kulikuwa na upinde wenye mkato. Mtu alichimba shimo kwenye plasta, na Mama akaliziba jinsi walivyoziba kwao.

Nilikaa nikitazama kazi ya mkono wake. Nilifurahi hata. Halafu nikachukua sifongo yenye maji kidogo nikafuta mabaki ya chokaa, na katikati ya kiraka, ndani ya upinde wa Mama, ukatokea mkono mwingine. Kiganja kilichobonyezwa, vidole vitano vimetanuliwa. Nikaweka mkono wangu kando yake kupima. Ulikuwa wa mtoto wa miaka minne au mitano.

Nilijiambia ni wangu. Ni jambo la kawaida, mtoto hucheza mama akifanya kazi. Nikatoka, nikaosha mikono, nikapika, nikalala usingizi mzuri. Asubuhi ya Alhamisi niliamka nikijua kwamba si wangu, kana kwamba kuna mtu aliyeketi kitandani pangu akanieleza polepole.

Tuna picha moja tu ya utoto wangu. Nilienda kuitoa kwenye bahasha ili nihakikishe. Niko kwenye mkeka, sina jino hata moja, Mama ananishika kwapani nisianguke. Nyuma yetu ni ukuta wa chumba kile, na ukuta ni wa kijani. Kiraka kilikuwa chini ya kijani. Mkono ule ulibonyezwa pale, ukafunikwa na chokaa, ukapakwa rangi, na mimi nilikuwa bado sijajua kuketi. Na Mama aliniambia mara nyingi kwamba walihamia nyumba hii mimi nikiwa tumboni.

Kuna mambo mawili niliyoyakumbuka nikiwa na picha ile mkononi. La kwanza ni kwamba Mama hakuwahi kusema idadi ya watoto wake. Wageni wakimuuliza alijibu, "Wapo, Mungu amenipa." Nilidhani ni mila tu ya kutohesabu watoto. La pili ni kwamba alinipiga mara moja tu maishani. Nilikuwa na miaka mitano, nina homa, wamenilaza kwenye kitanda chao. Ukuta ulikuwa baridi na nilipoulamba ulikuwa na chumvi. Mama aliingia akanikuta ulimi wangu uko ukutani. Alinipiga mdomoni, akanibeba nje, akanisukutua kwa maji na sabuni, na tangu siku hiyo sikulala tena katika chumba kile. Nilikua nikidhani ni kwa sababu ya uchafu.

Ijumaa asubuhi nilienda kwa jirani yetu wa nyumba ya tatu. Ni mwenyeji wa huku, mama mzee ambaye shamba la wazazi wake lilikuwa hapa kabla ya estate kujengwa, na ndiye mtu pekee aliye hai aliyewaona wazazi wangu wakifika. Alikuwa kwenye kibanda cha nje akichambua maharagwe. Alinitazama nywele.

"Umeanza kuzeeka kabla yangu," akasema. "Kuja ukae. Na upanguse hiyo unga, utaogopesha kuku."

"Ni vumbi la ukuta, Mama. Naandaa kile chumba. Kitinda mimba anakuja kesho."

"Nimesikia. Ni vizuri. Mtoto alie kwa hiyo nyumba, imenyamaza sana."

Alinimiminia chai. Nilikunywa nusu kikombe kabla sijapata la kusema.

"Mama, wazazi wangu walipohamia hapa walikuwa wangapi?"

Hakuacha kuchambua. Alitupa haragwe bovu, akatupa jingine.

"Umetoa kijani," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nilimwambia mama yako, siku moja huyo msichana atafanya hiyo kazi yake kwao. Nilimwambia mapema, ulipoanza kazi. Alikuwa ameshakufa. Nilimwambia tu hivyo, peke yangu." Akafuta mikono kwenye leso. "Walikuja watatu. Walikuwa na kijana. Anaweza kuwa na miaka minne, mitano. Mpole, mwembamba, macho makubwa. Alikuwa anakula ukuta."

"Anakula?"

"Watoto wengine hula udongo. Huyu alipenda plasta. Alilala kando ya ukuta akikwangua kwa kucha, mchana, usiku, mpaka akatoa shimo mkono unaingia. Mama yako akafunga na udongo kama wa kwao, akashika mkono wa kijana akaubandika hapo. Akamwambia, sasa hii ni yako, mtu hawezi kula mkono wake. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Kijana alicheka sana."

"Halafu?"

"Halafu hakuonja tena. Lakini alikuwa ameshakuwa mgonjwa. Mwezi wa saba, ile baridi yetu. Walimpeleka kwao kumzika. Waliporudi, baba yako hakukaa hata chini. Alipaka nyumba nzima kwa siku mbili, kijani, na udongo ulikuwa bado mbichi. Nikamwambia, Baba, ngoja ukauke. Hakunijibu."

Mimi nilijua maana yake kama fundi kabla sijaijua kama binti. Rangi ya mafuta juu ya udongo mbichi wenye samadi hufungia maji ndani, na chumvi ya samadi huendelea kuvuta unyevu wa hewa miaka yote. Ukuta hauwezi kukauka. Hakupiga msasa, hakungoja, hakuosha. Alitaka tu usionekane.

"Mbona sikuambiwa?"

"Ulikuwa tumboni. Mama yako alituita wanawake wote wa mstari huu akasema, huyu anayekuja asisikie kwamba kuna aliyetangulia, asije akataka kumfuata. Kwao walikuwa na hiyo imani. Tukanyamaza. Ukazaliwa, ukakaa, tukaendelea kunyamaza. Mtu akinyamaza sana anazoea."

"Aliitwa nani?"

"Hilo halikuwa langu kutunza," akasema, na akarudi kwenye maharagwe. Nilipoinuka aliongeza bila kuniangalia: "Wewe si wa kwanza, lakini ndiye ulikaa."

Nilirudi nyumbani nikitembea polepole kama mtu aliyebeba maji kichwani. Miaka ishirini nilikuwa nimejishikilia kwa neno moja. Sikuwa na hasira. Nilihisi tu kwamba mahali niliposimama siku zote palikuwa na mtu tayari, na kwamba alikuwa akinitazama nikisimama hapo.

Kisha nikamfikiria kitinda mimba. Atakuja kesho na tumbo lake, alale katika chumba ambacho mtoto mdogo alifia, kando ya mkono wake. Nikimwambia, ataenda Chepsaita leo hii. Nisipomwambia, itanilazimu kuziba tu, na mimi ni fundi wa kuziba. Mama alifanya hivyo kwa ajili yangu. Nilijiambia kwamba ni upendo.

Nilikoroga filla nzito. Najua, na kila mwanafunzi wa kazi hii anajua, kwamba filla haishiki kwenye udongo wenye unyevu. Nilifanya hata hivyo. Niliibandika juu ya mkono, nikaisukuma ndani ya vidole kimoja kimoja kwa ncha ya skrepa, nikasawazisha. Saa saba mchana ukuta ulikuwa mweupe na tambarare. Nilikuwa bado nimepiga magoti simu ilipolia.

"Dada, nimefunga begi. Ukuta iko aje?"

"Imekubali."

"Ulipata nini huko chini?"

"Hakuna. Plasta mbovu tu."

Hakuwa na uso wangu wa kuangalia, kwa hiyo alisikiliza pumzi yangu.

"Sawa," akasema.

Jumamosi niliamka mapema ili nipige msasa na niweke andakoti, ile rangi ya kwanza ya chini, kabla hajafika. Nilifungua mlango wa chumba. Jua lilikuwa limeingia hadi sakafuni. Filla haikuwa ukutani. Ilikuwa imejibandua nzima, kipande kimoja, ikaanguka kwenye gunia kifudifudi, upande niliousawazisha chini. Na upande wa nyuma, uliotazama juu, ulikuwa mkono.

Haukuwa shimo la mkono tena. Ulikuwa mkono wenyewe, mweupe, umejitokeza, kiganja kimejaa, vidole vitano vimeinuka kidogo kutoka kwenye bamba kama mtoto anayeomba kubebwa. Ulikuwa na mistari ya kiganja. Ulikuwa na kucha fupi kwenye kidole gumba pale kilipobonyea kwa upande. Nilisimama mlangoni muda mrefu. Naweza kueleza kila hatua ya jinsi kitu kile kilivyotokea, unyevu, uzito, filla kukauka ndani ya umbo, na maelezo hayo hayakunisaidia kuingia chumbani.

Mwishowe niliingia. Niliuokota kwa mikono miwili, nikauzungushia taulo safi, nikaenda kungoja getini.

Alifika saa nne kwa boda boda, ameketi kiupande, begi mbele ya dereva. Alishuka akishika kiuno. Aliona taulo.

"Hata sijazaa na umeshapata wa kubeba," akasema.

"Usiingie kwanza. Jana nilikudanganya."

Alilipa boda, akangoja pikipiki iondoke. "Najua," akasema. "Nimekuja nione kama utaniambia getini au ndani."

Nilimweleza yote hapo hapo tukiwa tumesimama. Kiraka, picha, mama jirani, kijana aliyekula ukuta, baridi ya mwezi wa saba. Sikuacha kitu. Nilipomaliza nilifunua taulo. Nilidhani atarudi nyuma. Alinyoosha mkono wake, akaweka kiganja chake juu ya kile cha filla, vidole juu ya vidole, akakaa hivyo.

"Ni baridi," akasema.

"Unaweza kwenda Chepsaita. Nitakuitia boda mwingine. Sitakasirika."

"Ungekasirika." Alikuwa analia bila sauti, uso wake umetulia. "Nilikaa kwa hiyo ngazi wiki tatu, Dada. Nilikuwa naosha miguu nikijua Mama atakuja na miwa. Unajua kitu iliniuma? Si kwamba amekufa. Ni kwamba wewe ulijua na ukaniacha nioshe miguu."

"Najua."

"Hukuwa unajua. Leo ndio unajua."

Ni kweli. Jana ile, kwa mama jirani, na kikombe cha chai mkononi, ndipo nilipojua kwa mara ya kwanza jinsi mtu anavyohisi akigundua kwamba waliompenda walimwacha aoshe miguu.

Alichukua taulo kutoka mikononi mwangu na akapita. Alienda moja kwa moja hadi chumba changu, si cha wazazi, akaweka begi juu ya kitanda changu, akaweka mkono ule kwenye dirisha, kiganja juu.

"Mimi nalala hapa," akasema. "Mtoto wangu hatalala kule. Wewe utalala kule."

"Sawa."

"Na hii nakaa nayo mimi. Wewe umekaa nayo masaa matatu tu na ukaifunga na taulo."

"Ilikuwa ikinitisha."

"Hata mimi inanitisha. Lakini iko nje sasa." Alivua viatu kwa shida, akisukuma kimoja kwa kingine. "Kuna chai, ama nitengeneze mwenyewe na hii tangi yangu?"

Nilitengeneza chai. Mchana wote nilifanya kazi nikimsikia akitembea upande wa pili, akipanga nguo ndogo, akizungumza na mumewe kwa simu. Niliziba nyufa zote za chumba cha wazazi, nikapiga msasa, nikaosha vumbi, nikaweka andakoti kuta zote nne. Kiraka sikukigusa. Nilikizungushia mstari safi kwa brashi ndogo kama unavyozunguka swichi, nikauacha udongo upumue. Utakauka, nadhani, kwa mwaka mmoja au miwili. Mimi sina haraka nao.

Jioni kabla jua halijashuka niliingiza kitanda, nikakisukuma ukutani, mahali pekee kinapotoshea. Kilichobaki ni kujua upande wa kichwa. Niliweka mto upande wa dirisha, kama wazazi wangu walivyolala, nikajilaza kujaribu. Mkono ule wa udongo ulikuwa karibu na magoti yangu. Nikafikiria mtoto mdogo, urefu wake, mkono wake mfupi, na shimo alilochimba akiwa amelala. Asingefika hapo kama kichwa chake kilikuwa dirishani. Yeye alilala akiangalia upande wa pili, kichwa mlangoni, mahali angeweza kuwasikia wazazi wake wakiongea sebuleni.

Niliinuka nikahamisha mto. Nilipolala tena, kiraka kilikuwa mbele ya uso wangu, baridi yake ikinifikia shavuni, na kutoka upande ule mwingine wa mlango nilimsikia mdogo wangu akiniuliza kwa sauti kama nimelala au niko macho. Nikamwambia niko macho.